Mwezi wa Pili Angani: Kwa Anayetaka Kuandika Hadithi za Kisayansi kwa Kiswahili

Tangu nitangaze kwamba hadithi yangu "Miezi Miwili" imekubaliwa kwenye mkusanyiko utakaotoka mwakani, swali ninaloulizwa ni lile lile. Jana kaniandikia kijana wa Kigoma: "Dada, nataka kuandika bunilizi za kisayansi, lakini kwa Kiswahili nianzie wapi? Sioni mfano." Mdogo wangu, mfano upo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno hayo yana kidonda kwangu.

Mhariri mmoja aliwahi kuniambia usoni kwamba Waswahili hawana mazoea na hadithi za namna hii, kwa hiyo yangu niifanye kisa cha mapenzi au niwaandikie watoto. Nilitoka ofisini kwake nimekumbatia bahasha yangu, na mpaka leo nikilikumbuka neno lile naumia. Alisema vile kwa sababu hakusoma. Shaaban Robert alitoa riwaya ya Kusadikika mwaka 1951, miaka 10 kabla Yuri Gagarin hajaizunguka dunia. Nchi nzima iko angani, ina mfalme, mawaziri na baraza la hukumu, na Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, malipo yao yakawa kifungo. Nilikisoma nikiwa msichana mdogo na sikujiuliza hata mara moja nchi ile imeshikiliwa na nini. Nilitaka kujua tu kama Karama ataachiwa.

Kisha kuna Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa kwenye chombo cha kumpeleka angani afie huko, naye anatua kwenye nchi inayoishi kwa haki. Kuna Nagona na Mzingile za Kezilahabi, vitabu vyembamba vinavyotaka kurudiwa. Vya Kiingereza nimesoma vingi na sikukatazi. Ila anza na vya kwetu, maana ukianzia kule utaandika theluji ambayo hujawahi kuikanyaga.

Sasa nikueleze nilivyoandika mimi. Wazo lilikuwa dogo: usiku mmoja mwezi wa pili unatokea angani. Ningeweza kuandika marais wakihutubia na makombora yakirushwa. Badala yake nilikwenda Jambiani, kule Zanzibar, kwa mama mkubwa, ambaye amelima mwani karibu maisha yake yote ya utu uzima. Nikamuuliza, mwezi ukiwa miwili, wewe utafanyaje? Hakushangaa. Aliuliza kwanza kama ile miezi inakwenda pamoja au kila mmoja na njia yake, kwa sababu bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na ndizo siku maji yanapokupwa mbali, wanawake wakafika kwenye kamba zao za mwani. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, bahari haiondoki vya kutosha. Miezi ikipishana, hesabu ya bamvua inavurugika, na mwani uliokomaa unakatika na kuchukuliwa na maji.

Hapo hadithi ikafunguka yenyewe. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwani kwenye mbalamwezi taa zao hazivuti samaki. Basi mwezi wa pili umewaibia usiku wao. Na Ramadhani? Mfungo unaandama kwa mwezi upi? Sehemu hii ilinichukua muda kuliko zote, nikimwandika imamu wa kijiji anayesimama pwani jioni ya tarehe 29 Shaabani huku watu wote wakimtazama yeye. Alipokubali hadithi, mhariri wa mkusanyiko aliniandikia kwamba ukurasa wa imamu ndio uliomshika. Nilijivuna, na ninajivuna bado. Nimestahili.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni. Someni vya zamani, someni vya kwetu, kisha mwende mkaulize watu wanaojua kazi zao. Jambo lisilowezekana liwe moja tu, na kila kingine kiwe kweli: bei, maji, sala, madeni. Mnanitumia hadithi zenye roboti, majini, safari za wakati na vita vya sayari ndani ya kurasa tano, na hamna hata mtu mmoja anayenunua mkate! Acheni haraka. Mnataka majina kwenye jalada kabla ya kumaliza kitabu kimoja cha mtu mwingine. Someni kwanza.

Na wewe wa Kigoma unayesema huoni pa kuanzia, umekaa juu ya hadithi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ukipita mita 200 hadi chini kabisa maji hayana oksijeni. Dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Sehemu kubwa ya ziwa lenu haina samaki hata mmoja. Tuseme usiku mmoja wavu unapandisha kitu kilichozoea kuishi kule chini. Nani anakiona kwanza, na asubuhi kinauzwa, kinazikwa au kinafichwa? Nenda mwaloni Kibirizi, kaa na wavuvi, uwaulize wanasema kuna nini huko. Ukipata kurasa kumi, nitumie. Nitazisoma.