Mbawakawa asiyefika milimita moja: ni spishi mpya?

SWALI: Salaam wahariri. Kwenye majani yaliyooza chini ya mwembe nimekuta mbawakawa wa kahawia, hawafiki hata milimita moja. Mtandaoni sioni picha inayofanana nao. Naweza kuwapa jina? Nianzie wapi? – Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Kukosa picha mtandaoni si ushahidi, ndugu msomaji. Mbawakawa wengi wadogo wana majina ya siku nyingi lakini hawajapigwa picha hata moja.

Kwanza hakikisha ni mbawakawa kweli. Kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, hesabu miguu: sita. Ikiwa minane, huyo ni utitiri. Mgongoni tafuta mabawa magumu mawili yanayokutana kwa mstari ulionyooka.

Kisha kusanya vizuri. Chekecha majani kwa wavu wa matundu ya milimita 5 hadi 8. Kilichopita kiweke kwenye faneli juu ya wavu wa milimita 2, unene usizidi sentimita 5. Tikisa udongo udondoke, ndipo uweke chupa ya ethanoli chini. Ukitanguliza chupa, utamtafuta mdudu wako kwenye tope. Juu ninginiza balbu ya wati 40 ya kizamani, ile inayotoa joto. Wadudu wanakimbia ukavu, wanashuka, wanadondoka. Acha siku tatu hadi tano. Wenye haraka husogeza balbu karibu, majani yanakauka ghafla na wadudu wanafia humo humo.

Wagawe: wengine kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba, wengine asilimia 70, maana ile kali huwakakamaza na wakiguswa wanavunjika miguu. Pombe kali ya dukani haitoshi. Ndani ya kila chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: nchi, mkoa, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, alikokutwa na jina la mkusanyaji. Wino wa bolpeni huyeyuka, na sampuli isiyojulikana ilikotoka haina thamani.

Kuanzia hapo mtafute mtaalamu wa kundi hilo. Atampasua dume, atasafisha kiungo chake cha uzazi kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 na kukichora chini ya hadubini. Spishi mbili zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, zikaachana hapo tu. Atalinganisha na sampuli asilia, zile zilizotumika kuzipa majina spishi zinazojulikana, na hapo ndipo miaka huishia. Akiridhika, atateua mdudu mmoja awe holotaipu, yaani sampuli rasmi inayobeba jina hilo, atunzwe makumbusho, kisha atachapisha maelezo. Chapisho likiwa la kielektroniki tu, lazima lisajiliwe kwanza ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Sheria hiyo ni ya 2012. Kumpa jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila wataalamu watakucheka.

Usitegemee haraka. Mbawakawa Nelloptodes gretae, wa milimita 0.79, asiye na macho wala mabawa ya kurukia, alikusanywa Kenya na William Block mwaka 1964 na 1965. Alipewa jina na Michael Darby wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London mwaka 2019.

Chini ya mwembe wako uko nyumbani. Hifadhi za Saanane na Rubondo usiguse kitu bila kibali, na kupeleka sampuli nje ya nchi kuna kibali chake.

SWALI: Na hawa wenye pua ndefu wanaokula magugu maji ziwani, ni wapya? – Mvuvi, Kirumba

JIBU: Hapana. Ni fukusi wa Amerika Kusini, milimita 4 hadi 5, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 ili kupunguza magugu hayo. Wakubwa hukwangua ngozi ya jani na kuacha madoa; viwavi wao hutoboa vikonyo. Wapo wa aina mbili: Neochetina bruchi ana mkanda uliofifia wa umbo la V mgongoni, na Neochetina eichhorniae hana.