Muulize Mwalimu: Mchungaji alisema "sijui"

Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa na kukulia Iringa, marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa. Sasa ni mwaka wa tatu niko St. Paul, Minnesota, nalea wazee zamu ya usiku. Nasali kwenye usharika wa Kilutheri wa Wamarekani. Baada ya ibada hakuna mnada wa kuku na mikungu ya ndizi kama nyumbani. Kuna kahawa, kisha watu kama 15 hukaa duara na kuulizana. Juzi ilikuwa Yoshua sura ya 6, Yeriko: wadogo kwa wakubwa, mpaka punda, wote kwa upanga. Bibi mmoja akauliza kama kweli Mungu aliamuru watoto wauawe. Sote tukamtazama mchungaji. Akasema, "Sijui. Natembea na swali hilo tangu chuoni." Nilitamani kutoka. Nami nina langu: kaka yangu alipougua, mimi na mama tulifunga kula siku saba tukimwombea, akafa siku ya nane. Sikulitoa. Mama nilipomsimulia habari za duara alisema nimepotea. Mwalimu, hili ni kanisa au kijiwe?
Mlea wazee, St. Paul

Marahaba, mwanangu, na pole ya kaka.

Nianze na kosa langu. Nimefundisha kipaimara miaka 26. Mwaka mmoja kijana wa fundi baiskeli aliuliza mke wa Kaini alitoka wapi. Nikamtoa nje akafyeke nyasi nyuma ya kanisa mpaka kipindi kikaisha. Mtoto aliuliza kwa adabu zote. Mimi ndiye sikuwa na jibu. Siku ya kipaimara alikariri kila kitu bila kukwama, na baada ya Jumapili ile sijamwona tena kanisani. Kwa hiyo mchungaji wako namwonea wivu.

Kinachoniuma zaidi ni kitabu nilichokuwa nimeshika. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, imejengwa kwa maswali: kila amri ikitajwa, papo hapo inaulizwa maana yake. Sisi tukaigeuza shairi la kukariri. Na Luther mwenyewe hakuwa mtu wa kuitikia tu. Mwaka 1522, katika utangulizi wa Agano Jipya alilolitafsiri, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, lakini hakuutoa kwenye Biblia yake. Tungekuwa naye darasani kwangu, naye angefyeka.

Mama yako usimwone mkali bure. Agosti 2009, hapo Minneapolis, ng'ambo ya mto tu kutoka kwako, mkutano mkuu wa ELCA, kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani, ulipiga kura kuwaruhusu wachungaji walio katika uhusiano wa kudumu na mtu wa jinsia yao. Januari 2010 KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ikatoa Tamko la Dodoma kupinga ndoa za namna hiyo. Mke wa mzee wa kanisa hayo hayampiti. Ukimwambia "tunaulizana", yeye anasikia "tunabomoa". Ungemkumbusha pia kwamba Sinodi ya Saint Paul, yaani sharika za ELCA za huko kwako, na Dayosisi ya Iringa hawakuvunja ushirika wao wa Bega kwa Bega kwa ajili ya hayo. Wamepishana, na ada za wanafunzi wa Iringa zimeendelea kulipwa.

Ila hao wa duara nao sitawasifu wote. Yeriko iko mbali, na kuiuliza huku kikombe cha kahawa kiko mkononi hakumchomi mtu sana. Usharika unaojisifia maswali huweza kuwa na yale usiyoyagusa. Je, wamewahi kuuliza kwa nini mtu anayewaogesha wazazi wao usiku kucha hukaa duara mwaka mzima bila kuombwa aseme neno? Labda wamekuomba, hukuandika. Lakini mtu huenda pale akajifunza kutazama maswali ya wengine kama mpira, naye yuko jukwaani.

Basi nenda na la kaka yako. Usilipambe, sema kama ulivyoniandikia: siku saba, akafa siku ya nane. Wakikimbilia kukufariji kwa mistari miwili mitatu na kumwagia kahawa juu yake, hapo ni kijiwe, tafuta pengine. Wakinyamaza nawe, kaa.

Na kabla ya duara, mama. Umeandika mlifunga wote wawili, halafu ukapita. Yeye amezika mtoto. Unadhani hajauliza, usiku, peke yake, taa ikiwa imezimwa? Mambo ya Yeriko na Minneapolis yaache kando. Msomee Zaburi ya 88, ile ambayo haigeuki kuwa shukrani mwishoni, inaishia gizani vilevile. Kisha nyamaza, hata kama vocha inakwisha, mpaka aseme yeye. Ukitoka zamu saa mbili asubuhi, kwake ni jioni, wageni wameshaondoka.