Tulimpangia mstari wenyewe, sasa haonekani: mwenyekiti wa LC1 anatolewa vipi?

SWALI

Salaam mzee wa safu hii. Mimi ni msomaji wenu huku Busia, upande wetu wa Uganda, nauza samaki hapa senta. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa kijiji, tulimchagua 2018, tukapanga mstari nyuma yake na jua lote lile, na mwanzo kweli alikuwa mtu wa watu, lakini sasa karibu miaka mitatu hajaita mkutano wa kijiji hata mmoja. Anakaa Kampala kwa biashara zake, anakuja mwisho wa mwezi analala siku moja anaondoka. Mhuri kamuachia mdogo wake ambaye hakuna aliyemchagua, ukitaka barua ya kitambulisho unamtafuta huyo kijana stejini kwa boda. Pampu ya kisima imekufa tangu mwaka jana na hakuna aliyepeleka habari gombolola, ofisi inayosimamia vijiji vyetu. Hela za PDM, ule mpango wa serikali wa kuwapa watu mtaji, vijiji jirani wanapata, sisi tunasikia tu. Tukilalamika tunaambiwa ngojeni uchaguzi. Je, tunaweza kumtoa kabla ya uchaguzi? Na mbona mbunge hatolewi, wakati jirani zetu wa ng'ambo Kenya wanasema kwao hata mbunge anarudishwa nyumbani?

Mama wa samaki, Busia

JIBU

Dada yangu, pole sana, hasa kwa hiyo pampu.

Ndiyo, anaweza kutolewa, na wa kumtoa ni nyinyi. Watu wengi wanadhani baraza la kijiji ni wale watu kumi wa kamati, mwenyekiti akiwemo, hapana, wale ni kamati tu. Baraza la kijiji kwa sheria ya serikali za mitaa ni kila mkazi wa kijiji aliyefika miaka 18, wewe hapo na ndoo yako ya samaki ni mjumbe wa baraza, na yule bibi anayekaa mlangoni ni mjumbe, na kamati inawajibika kwenu. Katiba nayo inakubali kwamba waliompa mtu kazi kwenye serikali za mitaa wanaweza kuichukua tena.

Hao wanaowaambia ngojeni uchaguzi waulizeni, uchaguzi gani? Baada ya 2001 nchi hii ilikaa miaka 17 bila kuchagua LC1, kesi zilikuwepo, mahakama ya katiba 2007 ikasema mfumo ule wa zamani hauendani na vyama vingi, ndio tukaja kupanga mstari tarehe 10 Julai 2018. Muda wao wa miaka mitano uliisha Julai 2023 na serikali ikawaongezea siku 180, zikaisha, wakaongezewa tena. Mtoto aliyezaliwa siku ile mmepanga mstari sasa hivi anasoma. Kwa hiyo mtu akikwambia ngoja, anakwambia kaa na pampu mbovu mpaka serikali itakapoamua.

Sasa fundo lenyewe liko hapa, na najua umeshaliona: wa kuita mkutano ni mwenyekiti, na mkutano unaotakiwa ni wa kumtoa yeye, atauita? Hataita. Lakini hayuko peke yake kwenye kamati, kuna makamu, ambaye kwa sheria ndiye pia anashughulikia mambo ya watoto, na kuna katibu mkuu wa kijiji, na hao hawaishi Kampala. Andikeni barua ya kuomba mkutano, muweke majina na sahihi za wakazi wengi mnavyoweza, semeni wazi ajenda ni nini, mpelekee mwenyekiti nakala yake mkononi au kwa huyo mdogo wake mbele ya shahidi, nyingine kwa makamu, nyingine kwa chifu wa muluka, yaani wa vijiji kadhaa vya jirani, na nyingine kwa chifu wa gombolola, na kila mnapoiacha nakala muombe apige mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Msiache mahali bila kupigiwa huo mhuri wa kupokea! Barua isiyo na ushahidi kwamba ilipokelewa ni kama haikuandikwa. Na siku ya mkutano ombeni mtu wa gombolola awepo aone kura na kumbukumbu ziandikwe.

Kitu cha pili, na hapa ndipo vijiji vingi vinaanguka, "ametutupa" sio kosa la kuandika kwenye karatasi. Angalieni wakubwa wake wanavyotolewa. Mwenyekiti wa wilaya, LC5, Katiba ibara ya 185 inataka theluthi mbili ya madiwani wote wapige kura, tena kwa sababu zinazotajwa: kutumia ofisi vibaya, mwenendo mbaya, au ugonjwa wa mwili ama akili unaomfanya asiweze kazi. Nyinyi ni kijiji lakini tumieni kipimo hichohicho. Tafuta daftari la shilingi mia tano uandike mkutano wa mwisho ulikuwa lini, nani alimpigia simu kuhusu pampu na tarehe gani akajibu nini, nani alipigiwa mhuri na mtu ambaye si kiongozi na alitoa pesa ngapi. Kwangu mimi hilo la mhuri ndilo zito kuliko yote, mtu kutofika mkutano anaweza kusema nilikuwa mgonjwa, lakini kumpa mdogo wako mhuri wa kijiji atembee nao kwa boda utalielezaje.

Ila la PDM mtoeni. Ile milioni 100 ya kila muluka inapitia SACCO ya muluka, haiko mfukoni kwa LC1, mkimbebesha lisilo lake atalishika hilohilo mbele ya mkutano na mengine yote yatazama. Hela za PDM kamuulize chifu wa muluka na viongozi wa SACCO.

Na asikilizwe. Najua una hasira na una haki, lakini hawa LC1 serikali imekuwa ikiwapa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, sio kwa mwezi, mtu mwenye watoto wa shule lazima atafute mahali pengine, labda mwenyewe atasema bora niachie. Mkimpa nafasi aseme akajiuzulu mmemaliza bila ugomvi. Kule nilikozaliwa tulikosea hapohapo, vijana walienda usiku kumnyang'anya mwenyekiti mhuri nyumbani kwake, asubuhi watatu wakalala ndani kwa polisi na mwenyekiti akabaki na kiti chake miaka mingine mingi, mama zao mpaka leo hawasalimiani na ule mji.

Hata wakubwa wakikimbilia haraka wanajikwaa. Kumbuka Kampala 2013, madiwani walitaka kumtoa Meya Erias Lukwago, ikaundwa tume chini ya jaji Catherine Bamugemereire, tarehe 25 Novemba wakapiga kura ya kumtoa huku mawakili wakikimbia na amri ya mahakama ya kusimamisha kikao, kesi zikaenda zikarudi miaka, ofisi ya meya ikabaki kwenye mgogoro, na 2016 watu wa Kampala wakamchagua tena. Sisemi nani alikuwa na haki, nasema utaratibu ukigombaniwa wananchi ndio wanakaa bila kiongozi.

Kuhusu mbunge, swali lako ni zuri sana na linaniuma. Haki hiyo imeandikwa kwenye Katiba yetu ya 1995, ibara ya 84, wapiga kura theluthi mbili wa jimbo waliojiandikisha wanatia sahihi kuomba arudishwe. Lakini mwishoni mwa ibara hiyohiyo wakaandika kwamba haki hii ipo tu wakati nchi iko kwenye mfumo wa Movement, ule wa siasa bila vyama. Julai 2005 tukapiga kura ya maoni tukarudi vyama vingi, na haki yetu ikalala pale, ukurasa upo lakini huwezi kuutumia. Jirani zako hawadanganyi, Katiba yao ya 2010 ibara ya 104 inawapa haki ya kumrudisha mbunge. Sisi wa kwetu anaweza kupoteza kiti akikosa vikao 15 bila ruhusa ya Spika, lakini hiyo iko Bungeni, haiko mikononi mwako wewe wa Busia, na naona ni kosa ambalo wabunge wenyewe wangelirekebisha kama wangetaka.

Dada, pampu isingoje haya yote. Kesho ukimaliza kuuza chukua wamama wawili mwende gombolola mtoe taarifa ya kisima kwa maandishi, hamuhitaji mhuri wa mtu yeyote kusema watoto hawana maji. Nakala ya hiyo taarifa ndio iwe karatasi ya kwanza kwenye daftari lako.