Re: Nasinzia kila nikikaa kutafakari alfajiri

Salama ndugu, kwahiyo upo Wat Pah Nanachat, ile monasteri ya Kibuddha ya msituni kule Ubon, Thailand, na kengele ya saa tisa usiku ikishagonga unaenda kukaa halafu unaishia kusinzia tu. Cheki kwanza unalala saa ngapi, maana ukichati mpaka usiku wa manane hakuna mbinu itakayokuokoa. Pili usikae, nenda kwenye njia ya kutembea, tembea taratibu kwenda na kurudi akili ikiwa kwenye nyayo, watawa wa msituni wenyewe hufanya hivyo kwa masaa, mimi ndo ilinisaidia kweli. Na ule mlo mmoja wa asubuhi usijaze tumbo kwa kuogopa njaa, jioni kuna kinywaji, utavumilia tu.