Kabla Hujalitoa Jiwe, Jiulize Limebeba Nini

Shimo letu la kwanza halikuzidi ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lilikuwa chini ya mwamba wa chokaa, limezibwa na majani makavu, na tungelipita kama rafiki yetu mmoja asingeketi pale kufunga kamba za buti. Alinyamaza kidogo, kisha akaita, "Hebu njooni. Hapa panapumua." Nikalala kifudifudi, nikasogeza uso. Upepo mwembamba wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa, ukanipiga kwenye kope. Nje jua lilikuwa linachoma. Hatukuwa na hata koleo siku ile, tukaanza kuondoa mawe kwa mikono.

Tangu hapo tumechimba mashimo manne. Mawili tuliyaacha, moja tulilifukia wenyewe, na moja likatufikisha mahali ambapo hatukuona dalili ya unyayo wa mtu. Siku hizi vijana wenye marafiki wawili watatu na hamu tele huniuliza waanzie wapi. Ninayowaambia mengi yanatoka kwenye jambo moja nililochelewa kulielewa: mchimbaji wa pango macho yake huvutwa mbele, kwenye giza, ilhali kinachoamua kama atarudi nyumbani kiko juu ya kichwa chake na nyuma ya miguu yake.

Lakini kwanza upepo. Usipoteze jasho lako kwenye shimo lisilopumua. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua, angani na hasa kwenye udongo, yakawa asidi dhaifu, nayo asidi hiyo hula mwamba wa chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Mahali pengi nyufa zilizoliwa hivyo huziba baada ya hatua mbili. Upepo ndio unaokuambia kwamba nyuma ya kifusi kuna nafasi kubwa. Pango kubwa huvuta na kutoa hewa kadiri mgandamizo wa hewa ya nje unavyopanda na kushuka, na lenye midomo miwili, mmoja juu na mwingine chini, hupitisha hewa kwa sababu ya tofauti ya joto. Ndani ya pango joto hukaribia wastani wa mwaka mzima wa eneo lile, kwa hiyo mchana wa joto shimo linalotoa hewa utalihisi baridi, na alfajiri ya baridi utaliona likifuka kama sufuria. Nenda mara kadhaa, saa tofauti. Washa kijiti cha udi, ukishikilie mlangoni, utazame moshi unaelekea wapi. Andika kila unachokiona. Sisi tuliandika kwa wiki sita kabla ya kuchimba kwa dhati, na nasikitika kwamba hatukufanya hivyo kwenye shimo la pili, ambalo lilitugharimu miezi mitatu likaishia kwenye ukuta mzima wa mwamba.

Kuna mfano ninaoupenda sana. Huko New Mexico, Marekani, pango la Lechuguilla lilijulikana kwa miaka mingi kama shimo dogo tu, ambalo watu walichimbamo kinyesi cha popo cha kutengenezea mbolea. Miaka ya 1950 wapita mapangoni walisikia upepo ukivuma kutoka chini ya kifusi cha sakafuni. Wengine walipata kibali cha kuchimba, na Mei 1986 wakapenya. Leo njia zilizopimwa mle ndani zinazidi kilomita 240. Zote hizo zilikuwa zimejificha nyuma ya kifusi kilichokuwa kikivuma.

Suala la kibali ni fupi: kama huna ruhusa ya mwenye ardhi, na ya wahusika wa hifadhi au mambo ya kale pale inapohitajika, usiguse jiwe.

Sasa kifusi chenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Mwezi wa saba wa shimo letu la kwanza tulikuwa tumeshuka kama mita tano. Zamu ilikuwa yangu mbele, nimejibana kwa ubavu, mkono wa kulia peke yake ndio ulikuwa huru. Mbele yangu kulikuwa na jiwe la ukubwa wa mkate, na nyuma yake niliona weusi. Weusi huo ulinitia wazimu. Nikalitikisa, likacheza. Nikalivuta, likatoka kirahisi mno, kama jino lililooza. Nilisikia sauti ambayo sijaisahau hadi leo, si kishindo, ni kama gogo linalosaga mchanga, taratibu. Mwamba mkubwa uliokuwa upande wa kushoto ulishuka kiasi cha kiganja kimoja ukaubana mguu wangu, buti na yote, kwenye ukuta. Kisha kimya.

Nyuma yangu alikuwepo seremala wetu. Hakupiga kelele, wala hakunivuta. Aliniuliza mambo matatu: unapumua, vidole vya mguu vinachezeka, bado kuna kinachosogea? Halafu akatuma neno juu zipelekwe mbao na kabari. Alichukua dakika arobaini kuuegemeza mwamba ule, kabari baada ya kabari, akizigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza baada ya kila pigo. Ulipotulia kabisa ndipo aliponikatia kamba za buti nikauchomoa mguu. Ulikuwa umechubuka tu. Nilipofika juu nilitetemeka mpaka nikashindwa kushika kikombe.

Kosa langu lilikuwa moja. Nililiona jiwe kama kizuizi, wakati lenyewe lilikuwa nguzo. Kifusi kilichoziba njia ni ukuta usio na saruji: kila kipande kimekiegemea kingine, na mara nyingi kidogo ndicho kinachoshikilia kikubwa. Mwaka 1925 huko Kentucky, Marekani, Floyd Collins, mpita mapangoni hodari sana, alinaswa akiwa peke yake kwenye njia nyembamba ya pango la Sand Cave. Jiwe lililombana mguu lilikuwa la kilo 12 hivi tu. Baada ya siku chache sehemu ya njia iliyokuwa ikitumiwa na waokoaji ikaporomoka, na waliochimba shimo jingine la kumfikia walimkuta ameshafariki. Kilo 12 ni mzigo anaoubeba mtoto wa shule. Ila pale hapakuwa na nafasi ya mkono wa kulifikia.

Kwa hiyo, unapochimba, anza juu ushuke, usitoe mawe ya chini ukayaacha ya juu yananing'inia. Gonga kila jiwe kwanza na usikilize: lililokaa imara hulia kwa sauti kali, lililolegea husikika zito, kama ngoma iliyolowa. Tumia mtaimbo mrefu ili mwili wako uwe mbali na kinachoweza kuanguka. Aliye mbele awe mmoja tu, na kama njia inateremka, pasiwe na mtu chini yake hata kidogo. Kila mnapopiga hatua, egemezeni kabla ya kuendelea. Sisi tulianza na magogo, lakini unyevu wa pangoni huozesha mti haraka, na gogo lililooza kwa ndani linakuangalia kama zima. Pale tunapopita kila wiki tuliweka mabomba ya chuma ya jukwaa la ujenzi, tukapanga mbao nyuma yake. Udongo mtupu na mchanga tunauogopa zaidi ya mwamba. Mwamba mara nyingine hukuonya; mchanga hauna adabu hiyo. Ile mita moja ya ujazo inayoanguka kifuani ina uzito wa zaidi ya tani moja, na mtu akishafunikwa nayo hawezi hata kupanua mbavu.

Lile shimo tulilolifukia lilikuwa na dari ya mchanga. Upepo wake ulikuwa mzuri kuliko yote. Tulilifukia.

Kazi ya kutoa kifusi ndiyo inayokula muda, na hapo ndipo urafiki unapopimwa. Ndoo ya lita kumi ikijaa tope inafika kilo 15 au zaidi, na mwamba uliovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa mzima, kwa hiyo amueni mapema mtaumwaga wapi. Usimwage mlangoni, mvua itaurudisha wote. Sisi tunapanga mstari, mtu na mtu umbali wa mkono, ndoo zinapita kwa kamba, na kila dakika ishirini zamu inabadilika hata kama aliye mbele anasema hajachoka. Hasa akisema hajachoka. Chini ya watu wanne hatuendi: akiumia mmoja, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka kutafuta msaada. Na yuko mtu wa tano asiyeingia kabisa. Anakaa na karatasi yenye majina yetu, jina la pango na saa ya mwisho. Tukimwambia saa kumi na mbili jioni, basi ikifika saa hiyo hajatuona anapiga simu ya uokoaji, hasubiri wala kudhani tumenogewa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevu, taa tatu kwa kila mtu, moja kichwani na mbili za akiba, glavu, buti zinazoshika, nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki. Ukilowa ukakaa bila kusogea, baridi inakupata hata kwenye nchi ya joto.

Hewa nayo isikudanganye. Wengi wanaamini mshumaa ukiwaka basi hewa ni salama. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua, lakini hewa ya kaboni inaweza kufika kiwango cha kukuangusha na mshumaa bado unawaka. Nje hewa hiyo ni kama asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 3 unaanza kuhema bila kupanda mlima, na kuanzia 5 kichwa kinagonga na akili inavurugika. Watu watatu wanaochimba kwa nguvu kwenye shimo lisilo na mzunguko huizalisha wenyewe. Muuguzi wetu hubeba kipimo kidogo cha kidijitali, na akisema "tokeni" hakuna anayeuliza kwa nini. Kipimo hicho tulikinunua kwa mchango baada ya siku moja ambayo wote wanne tulitoka na maumivu ya kichwa, tukadhani ni kiu.

Mvua usibishane nayo. Mwaka 2018, kwenye pango la Tham Luang nchini Thailand, watoto 12 na kocha wao walifungiwa na mafuriko, na kuwatoa wote kulichukua mpaka siku ya kumi na nane, kwa kazi ya wapiga mbizi na mamia ya waokoaji. Mzamiaji mmoja alipoteza maisha. Angalia utabiri wa mvua kwa eneo lote linaloleta maji upande wako, siyo juu ya kichwa chako tu. Na unaposhuka njia nyembamba usiyoijua, tanguliza miguu. Mwaka 2009 huko Utah, Marekani, mtu aliyetanguliza kichwa alinasa kichwa chini, miguu juu, kwa zaidi ya saa ishirini na nne, na hawakuweza kumtoa hai.

Popo wapishe. Kwa ajili yao, maana kuwasumbua wakiwa na watoto kunaua watoto, na kwa ajili yako pia. Vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu, na wagonjwa wawili wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, wa mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea pango la Kitum, Kenya. Shimo letu moja kati ya yale mawili tuliliacha kwa sababu hiyo tu.

Shimo la kwanza lilifunguka mwezi wa kumi na nne. Mtaimbo ulipenya ukapotea mkononi mwa seremala, tukausikia ukigonga chini, mara moja, mara mbili, halafu mwangwi. Tulisubiri nusu saa nzima hewa ichanganyike, tukaegemeza ukingo, ndipo tukaingia mmoja mmoja, miguu mbele. Chumba kilikuwa kirefu kama basi. Darini zilining'inia nyuzi nyeupe za mawe, nyembamba kama mrija wa soda, kila moja na tone lake. Vitu hivyo hukua kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, na bega moja likigeuka vibaya linavivunja vyote. Hatukusonga. Nilikumbuka marafiki watatu walioingia pango la Chauvet, Ufaransa, Desemba 1994, nao pia wakifuata upepo kwenye mawe. Walipogundua kwamba ndani kuna michoro, ambayo baadaye ilipimwa ikaonekana ni ya zaidi ya miaka 30,000, walirudi na kutandika plastiki sakafuni ili wasikanyage kitu.

Sisi tulitandaza uzi mwekundu kando ya ukuta, tukakubaliana kwamba hakuna atakayetia mguu nje yake, tukatambaa kuufuata hadi mwisho wa chumba. Pale palikuwa na kifusi kingine, mawe makubwa yameshikana, na katikati yake ufa wa upana wa vidole viwili. Muuguzi akainamisha uso. Alifumba macho muda mrefu, nywele za kwenye paji la uso zikipeperuka. Nilipogeuka kumwangalia seremala, alikuwa ameshapiga goti, taa ameielekeza darini, anapima kwa kiganja umbali wa kuegemeza nguzo ya kwanza.