Muulize Fundi Rangi: Watu wekundu ukutani kwangu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina mgahawa hapa Lindi. Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne, anataka kunichorea ukuta wa mbele. Kanionyesha picha kwenye simu: watu watano wekundu kama tofali la kuchoma, wameshikana mikono wanazunguka, uchi wa mnyama! Chini kijani, juu bluu, basi. Eti ya Mzungu maarufu, Matisse. Mbona hata mtoto wa chekechea anaweza? Na wateja wangu wakitoka msikitini watanionaje? – Mama Lishe, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha hiyo inaitwa "Dansi". Henri Matisse wa Ufaransa aliikamilisha mwaka 1910 kwa oda ya Sergei Shchukin, mfanyabiashara wa vitambaa wa Moscow, aliyetaka kitu cha kuweka kwenye ngazi za nyumba yake. Si kipicha: upana wake unakaribia mita 4. Ilipoonyeshwa Paris watu waliicheka, na Shchukin mwenyewe akaingiwa na woga, akaikataa, kisha akabadili mawazo. Leo iko makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Na uchi huohuo ulimtia wasiwasi hata Shchukin, kwa hiyo hujatia chumvi.

Kuhusu chekechea, chukua simu, ikuze picha kwa vidole viwili, utazame wale wawili wa mbele, upande wa kushoto. Mikono yao haijagusana. Mmoja amejirusha mpaka anakaribia kuanguka, mwenzake ananyoosha mkono nyuma, vidole bado kidogo vikutane. Duara zima linakimbia kwa sababu ya kijinafasi hicho. Mpwa wako akiwaunganisha, watasimama kama wanapigwa picha ya harusi.

Na zile rangi tatu asiziongeze. Mimi niliwahi kuchora kinyozi kimoja Mikindani, nikaweka rangi saba, vivuli, mng'ao wa mashine, mpaka kope. Mwenye duka akanivusha barabara, akaniambia, "Fundi, ukiwa huku ni nguo zimeanikwa." Nilitazama, nikakosa la kumjibu. Nilirudia kwa pesa yangu.

Basi anunue makopo matatu, na kikopo cha kahawia cha mistari tu. Ile nyekundu asichanganye na nyeupe, itageuka waridi. Asinunue ya bei ya chini. Jua la pwani litaipausha kabla ya zingine.

Kuhusu stara, wafungwe kanga. Ila kanga iwe nyekundu ileile ya mwili, itengwe kwa mstari mwembamba wa kahawia, kama Matisse alivyozungushia miili yao. Akianza kutia maua na misemo ya kanga, mnyang'anye brashi.

Bei za wali na samaki ziandikwe mlangoni. Ile bluu msiiguse.