Usichanganye Jik na dawa ya choo

Dada, umesema unasafisha zahanati, na ukichanganya Jik (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) na dawa ya choo yenye asidi macho yanawasha na kifua kinabana. Acha leo hii, tafadhali! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye choo kisichopitisha hewa inaweza kuua. Ukisikia harufu hiyo tena, toka nje kwanza. Ndoo iache hapohapo.

Sakafu ioshe kwa sabuni, suuza, ndipo upake Jik iliyochanganywa na maji, kwani uchafu huipunguzia nguvu. Jik yenye klorini asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji baridi, hukupa klorini asilimia 0.5. Iache dakika 10 kabla ya kufuta. Kila siku changanya mpya. Glavu akununulie mwajiri, si wewe.